Nani Anakunywa Petroli Yangu

Jumatano, 12 Machi

Pikipiki imezimika tena. Jumatano! Tunajaziwa mafuta Jumatatu, wenzangu wote wanafika nayo Ijumaa, mimi Jumatano nasukuma. Nimesukuma kutoka kwenye mita za maji za kiwanda cha sabuni mpaka kituo cha mafuta, jua la saa nane, begi la kazi linanikata bega. Wanaume wawili kwenye benchi wakaniuliza kama nampeleka mgonjwa hospitali. Nimewajibu vibaya. Sijutii.

Ofisini ndiyo nimekutana na kisirani chenyewe. Miwani — msimamizi wetu, jina nimempa mimi na limemganda — alisubiri wasoma mita wote tukae ndipo akaanza. Sauti ya upole, ile yake ya kuchinjia. Eti pikipiki zote zilinunuliwa siku moja, njia zetu zinalingana, mita za maji ni zile zile, sasa mbona moja ina kiu kuliko wenzake? Halafu akasema kuna watu wana mipira na madumu nyumbani kwao. Hakunitaja. Angenitaja kwa nini, na macho yote yalikuwa kwangu?

Mwizi. Mimi! Mwizi wa petroli!

Kazi hii nimeisotea. Pikipiki ikienda, kazi imekwenda, hakuna msoma mita wa miguu. Na mashine yenyewe ina sifa moja tu: asubuhi inawaka kwa kiki moja. Haijanisumbua asubuhi hata siku moja. Shida yake ni tumbo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa, nimeipeleka kwa fundi. Yule wa kona, anayeimba huku akifungua nati. Nimemwambia leo usiimbe. Tumekagua kila kitu. Upepo wa matairi — uko sawa. Breki ya nyuma haishiki gurudumu. Cheni ilikaza kidogo, akailegeza. Filta ya hewa imejaa vumbi, nikamwambia weka mpya. Kisha akafungua plagi akanionyesha. Nyeusi tii! Masizi kama sufuria la kuni. Akasema hapa ndipo penyewe, inamimina mafuta mengi kuliko inavyoweza kuyachoma. Akaishusha kabureta, akaisafisha tundu kwa tundu, akarudisha kila kitu mahali pake.

Mchana — jamani! Nyepesi, haikohoi, moshi hakuna. Nimezunguka njia yangu nzima na mshale wa mafuta kama umegandishwa. Nimerudi nyumbani naimba nyimbo za fundi. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, hata sijazima akasema, imepona hiyo. Masikio yale! Macho yamemtupa mkono, lakini masikio bado yako kazini. Ameendesha malori maisha yake yote, injini anaisoma kwa mlio. Nikamshukuru kama vile ameitengeneza yeye.

Kesho Miwani atanitambua.

Ijumaa, 14 Machi

Takataka! Imerudia. Moshi mweusi tangu asubuhi, harufu ya petroli mpaka kwenye kilemba. Nimemfuata fundi nikamwaga yote mbele ya wateja wake. Nimemwambia amenibahatisha, amenila, aache ufundi akaimbe kwenye harusi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alifuta mikono, akasema jana imetoka kwake nzima na mimi mwenyewe shahidi.

"Dada, mimi naiponya mchana. Ikilala kwako inaamka mgonjwa. Waulize wa kwako."

Nimeondoka bila kuaga.

Wa kwangu. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari sebuleni, kila mtu anaujua. Kila mtu ni nani? Mimi. Binti yetu wa darasa la pili. Mzee, ambaye sahani tu anaitafuta kwa vidole. Na mume wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemuuliza. Hapana, nimemvamia, alikuwa anapiga pasi. Nimemwambia unaipanda pikipiki ya kampuni nikishalala, na niambie unamwendea nani. Akasema haipandi. Basi! Hakuwaka, hakuapa, hakuniuliza nina wazimu gani. Alirudi kwenye mkono ule ule wa shati ambao alikwisha kuunyoosha. Namjua huyu. Akiwa na lake jambo anageuka fenicha.

Jioni nimechora alama ya chaki kwenye tairi, pale linapogusa sakafu ya baraza. Likisogea nitajua. Leo nalala na binti.

Jumapili, 16 Machi

Chaki iko pale pale. Haijasogea hata unene wa kucha. Kwa hiyo haipandwi. Kwa hiyo nimemtukana mume bure, na bado uso wake ni wa mtu mwenye kosa. Sielewi. Naichukia pikipiki hii, naichukia kama mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Tumejaziwa. Miwani alisimama pale pampuni akiangalia kila tone linaloingia kwangu, utadhani ni damu yake. Kisha akaniita pembeni. Safari hii hakuzunguka. Jumatano asubuhi atakuja nyumbani kwangu yeye mwenyewe, pamoja na mtu wa stoo. Wakilikuta tangi limeshuka vile vile, pikipiki wanaondoka nayo, na mimi nikabidhi begi. Akaongeza kwamba anasikitika. Asikitike na mama yake!

Jumanne, 18 Machi

Nimeungua mguu. Na nimejua.

Kila asubuhi nampeleka binti shule kwa miguu, kwa kuwa pikipiki ya kampuni hairuhusiwi kubeba mtu. Leo nimerudi, nikajipenyeza kati ya pikipiki na ukuta nichukue koti la mvua kwenye kamba, nyama ya mguu ikagusa ekzosi. Ngozi imebaki huko! Nimepiga kelele, nimetukana, halafu nikanyamaza ghafla. Ekzosi ina moto. Mimi sijaiwasha. Na tairi liko pale pale, juu ya chaki niliyoichora upya jana.

Nikainama. Choki, kile kijiti cha kando ya kabureta cha kuongeza mafuta injini ikiwa baridi, kimeachwa juu nusu. Choki mimi siigusi. Niiguse ya nini, na kila asubuhi inawaka kwa kiki moja?

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa cha kufutia juu ya goti. Akaniuliza nimeumia wapi. Nikasema nimejikwaa.

"Pole, mwanangu. Nenda kazini, iko tayari. Nimeshakupashia moto."

Nimeshakupashia moto! Malori yake yalikuwa ya dizeli, ya kizamani, asubuhi usipoliacha lingurume hadi litoe jasho halikupeleki kokote. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo anavyonifanyia mimi. Tukishapinda kona tu, anapapasa msumari, anachukua ufunguo, anainua choki, anapiga kiki, anaiacha injini ingurume na kunguruma. Kengele ya shule ikilia anajua nageuza, anazima. Kisha anairudisha choki kwa vidole, na vidole havifiki mwisho. Mimi naipanda hivyo hivyo, choki nusu, kutwa nzima. Fundi anaishusha bila hata kufikiri, kesho yake mzee anaipandisha. Huyo ndiye mwizi. Mwizi mwenye kitambaa, ananing'arishia na taa!

Sikumwambia neno. Baba mkwe, mtu anayenipa pole, naanza kumkemea kutoka wapi?

Mume nilimngoja arudi kutoka kazini. Nikamwambia, ulijua. Akasema ndiyo, alijua, tangu mwanzo. Alifikiri ni matone machache tu. Eti nikumbuke baba yake alivyokuwa macho yalipokufa: uso ukutani kutwa, ndevu hanyoi, chakula kinarudi jikoni. Pikipiki ilipoletwa ndipo akaanza kuamka na kunawa uso kama mtu mwenye kazi.

Nakumbuka. Nilikuwa nakiosha mimi hicho chakula kwenye sahani!

"Kwa hiyo niitwe mwizi mimi," nikamwambia, "ili baba yako aamke?"

Fenicha. Nikamwambia kesho Miwani yuko mlangoni, kwa hiyo nenda sasa hivi, wewe ni mwanawe, mweleze kwa adabu zako zote. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa chumba cha baba yake, akasimama, akarudi. Eti amelala. Na redio ya mzee inasikika hadi barabarani!

Nimemkasirikia mume. Nimemkasirikia mzee pia, ndiyo, hata kama haandikiwi mtu mzima maneno hayo. Nimejikasirikia mimi kwa kusema nimejikwaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimelala na ufunguo. Nimevaa tayari, nimekaa kitandani. Binti amepelekwa na baba yake — leo amejitolea mwenyewe, mwoga mkubwa. Mpango wangu: Miwani akifika namvuta nje, kule kwenye pikipiki, namwonyesha choki, namweleza kwa sauti ya chini. Mzee asisikie. Nabaki na kazi, naye anabaki na heshima yake.

Mzee anapapasa ukuta sebuleni. Nasikia kiganja kwenye plasta, juu, chini, kinarudi tena kwenye msumari. Ameniuliza ufunguo uko wapi. Nimesema sijui. Akasema itaamka na baridi leo, itanichelewesha, huko kazini watanisema.

Watanisema!

Honi. Mapema hivi? Wamefika. Sijavaa viatu. Mzee ndiye amefungua mlango, anavuta viti, anawakaribisha utadhani ni wageni wake. Miwani anamsalimia kwa shikamoo ndefu, kisha anamuuliza pikipiki inaendeleaje. Mtego huo, namjua. Mzee anacheka. Anasema yeye ni dereva wa tangu zamani, macho tu ndiyo yamestaafu. Halafu namsikia wazi kabisa:

"Ila mmemwonea huyu mwanangu. Mafuta mnayompa hayamtoshi. Mwongezeeni."

Kisha Miwani, kwa sauti ile ya upole, anauliza mzee amejuaje kwamba hayatoshi.

Nikitoka sasa namkatiza. Niseme lolote, chai, mvua, lolote. Atabaki na asubuhi zake, na Miwani ataona nimemziba mdomo. Nikikaa, atayasema yote mwenyewe, kwa maringo, na ataelewa kuwa mwizi ni yeye akiwa katikati ya sentensi, mbele ya wageni.

Ameanza na lori. Lile la dizeli, na baridi ya asubuhi. Anawaeleza taratibu, kama anafundisha.

Ufunguo umenichora kiganjani. Sasa amefika kwenye choki.

Bado nimekaa.