Mama Mkwe na Gari Lililogonga

Lucky Summer, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Kabla ya lolote, mguu wako unasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta ilifika, au alijipaka yeye? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako ni kunyonya na kulia, kulia na kunyonya, na Nafula amepata nguvu. Ni mimi tu ambaye bado sijatulia, kwa yale niliyoyaona jana.

Wajua mama mkwe alikuja kuona mtoto. Wajua pia tunavyoishi mimi na yeye, kwa heshima na kwa mbali, kama mila ya wakwe inavyotaka: hatutazamani wala hatutajani majina. Nyumba yetu ina vyumba viwili na mlango mmoja, basi wiki nzima nimekuwa nakohoa nje kama mgeni kabla ya kuingia kwangu. Tangu nimwoe bintiye hatujasemezana hata neno moja. Nikiri kwako, nilidhani ni mtu wa kununa tu, hana la kusema.

Sasa nije kwa gari la bosi ninaloliendesha. Wiki hii lilianza kugonga: ko, ko, ko. Nikamchukua fundi mmoja wa hapa Baba Dogo tukazunguka nalo kidogo, akatikisa kichwa. "Buda, hii injini imeisha. Ulikuwa unaiendesha bila oili?" Bosi akasikia hayo. Alisema Jumatatu injini ifunguliwe, na ikionekana nimeiunguza, nimwachie funguo nikatafute kazi kwingine. Mama, sijawahi kuendesha gari bila oili hata siku moja. Lakini fundi akishasema, nani atamsikiliza dereva? Nilimtazama mtoto nikaona haya.

Jana nilikuwa nalipeleka gari Jogoo Road kwa fundi wa kulifungua. Mama mkwe naye alitaka kumwona dada yake Jericho, na ni njia moja. Nafula akaketi mbele na mtoto, mama yake nyuma, amejifunika leso. Nikakiinua kioo cha ndani kikatazama paa, nisije nikamwona.

Tukaingia barabara ya Outer Ring. Ko, ko, ko.

"Nafula," sauti ikatoka nyuma, "hebu muulize baba mtoto, huu mlio una siku ngapi?"

"Mama anauliza una siku ngapi."

"Mwambie mama ni tangu Jumatano."

Nafula akamwambia, kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Kisha: "Muulize, mkanda wa hili gari hutolewa wapi?"

Nusura nicheke. Halafu nikakumbuka ni nani anayeuliza. Wewe mwenyewe husaga mahindi kwake pale sokoni, na tangu awe mjane hakuna mwanamume aliyeigusa ile mashine. Akamweleza Nafula, ili nisikie mimi, kwamba mashine ikigonga yeye hutoa mkanda, injini izunguke peke yake. Ikiendelea kugonga, mgonjwa ni injini. Ikinyamaza, mgonjwa ni jiwe la kusagia.

"Mwambie mama gari halitolewi mkanda," nikasema, "lakini naweza kuliweka fri, injini ikaachana na magurudumu."

"Mwambie basi aliweke."

Tulikuwa tunateremka kuelekea mto Mathare. Nikatoa gia. Injini ikatulia, ikawa kama inanong'ona, na gari likateremka lenyewe. Ko, ko, ko, ko! Kadiri lilivyoshika kasi, ndivyo mlio nao ulivyoharakisha. Mwili ulinisisimka, Mama. Miaka yote hii nina leseni mfukoni, na sikuwahi kufikiria kuwatenganisha hao wawili nimsikilize kila mmoja peke yake. Hata fundi hakufikiria.

"Si injini," akasema, taratibu tu, kama anayemwambia mteja unga wake uko tayari. Nikasikia leso ikisugua kiti. Alikuwa ameinama, anapapasa sakafu kwa kiganja, huku na huku. "Mwambie ni gurudumu. La nyuma, hapa chini ya..."

Hapo mlio ukabadilika, ukawa wa kukwaruza. Nafula akageuka kunipa maneno ya mama yake, lakini hakuwahi.

"Wekesa! Simama!"

Jina langu, Mama, kinywani mwa mama mkwe. Mguu ulitii kabla ya akili, nikalipeleka gari pembeni. Nikashuka, nikabandua kifuniko cha gurudumu lililokuwa chini yake hasa. Nati moja ikaniangukia mkononi. Mbili zilizunguka kwa vidole tu. Iliyoshika ilikuwa moja.

Nilikaa mavumbini. Nikakumbuka Jumanne, pancha barabarani, bosi anatazama saa, nami nakaza nati mbio mbio na kufunika. Ni mkono wangu huu, si wa mtu mwingine. Mke wangu, mwanangu na mama mkwe wote walikuwa wamebebwa na nati moja.

Nilizikaza hadi bega likauma. Tulipoendelea na safari ya Jericho, fundi sina haja naye tena, gari lilikuwa kimya, hata nikamsikia mtoto akipumua. Nilijiona mdogo sana. Huyu mama mkwe hajawahi kushika usukani, uso umefunikwa, ameketi nyuma asionekane, na ndiye aliyeliona gari lote mimi nikiwa kipofu mbele. Jioni nilimweleza bosi kila kitu, pamoja na kosa langu. Akalizungusha mwenyewe hadi Baba Dogo na kurudi. Funguo bado ninazo.

Leo asubuhi mama mkwe amepanda basi kurudi. Hakunitazama. "Nafula, mwambie baba mtoto awe anakaza nati." Nafula ananiambia mama yake ana aibu kwa kunitaja jina, anaogopa watu watamcheka.

Nisalimie kaka Simiyu, mwambie ng'ombe asiuzwe kabla sijaja, na shangazi Nasimiyu wa kwaya, na mwalimu atakayekusomea barua hii.

Halafu, Mama, usingoje siku ya kusaga. Mchukue yule kuku wangu mweupe uende kwake. Mshukuru kwa kinywa chako, maana changu hakiruhusiwi. Na kama wazee wana njia ya kutuondolea haya hiyo, niko tayari leo. Natamani aniite tena kwa jina, siku ambayo gari limesimama na hakuna hatari yoyote.

Ni mimi mwanao,
Wekesa