Tone la Mtakatifu

Shambani kwa Baba,
Piracicaba,
9 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Anselmo,

Hujambo huko Lisboni? Graça na mapacha hawajambo? Na magoti yako, baridi imeyaacha? Mimi mzima wa mwili tu, moyo ndio umechoka. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea binti yangu Lívia mkononi.

Baba hali chakula. Leo siku ya kumi na moja ni maji tu, na amegeukia ukuta. Daktari hakuona ugonjwa, lakini aliniita nje akasema, "Dona Dirce, akiendelea hivi hamalizi wiki."

Unajua ilipoanzia. Siku ya harusi ya Lívia, nyumbani kwa wakwe kule São Paulo, Baba alipewa glasi ya caipirinha, ile pombe ya ndimu na sukari, akamwaga chini tone la mtakatifu, fungu lake mtakatifu, kabla ya kuonja, kama alivyofanya maisha yake yote. Hapa kwetu chini ni udongo. Kule palikuwa na zulia jeupe. Baba mkwe wa Lívia akaangua kicheko: "Lo, mzee! Caipira ni caipira tu, mshamba hafichiki!" Hayo yangepita. Ila wewe ndiye uliyecheka kuliko wote, ukadakia, "Msameheni, huyu mzee wangu hajapata kuona zulia." Nilimwona Baba alivyokutazama.

Caipira, yasemekana, ni neno la Watupi, waliokuwa na nchi hii kabla yetu. Wengine hulifasiri mkata msitu, ingawa hakuna mwenye hakika. Na hiyo -inha ya mwishoni mwa caipirinha ndiyo Mama aliyotubandikia kwenye majina yetu akitubembeleza. Basi watu wa mjini wakiagiza kinywaji hicho wanamwita mtu kama Baba kwa mapenzi, na mwenyewe akitokea wanamcheka. Huoni haya, Anselmo? Mimi naona, maana nilinyamaza.

Jana nilimpondea ndimu na sukari, nikatia kashasa yetu ya miwa, nikamweleza yote hayo. Akajiinua, akapokea glasi. Nikasema moyoni, jamani, amerudi! Akamwaga tone la mtakatifu. Kisha akamwaga yote, mpaka vipande vya ndimu vikaanguka sakafuni.

"Anselmo hajapiga simu?" akauliza.

Nikadanganya. Nikasema umepiga.

"Alisemaje?"

Mdogo wangu, niliinama kuokota vile vipande vya ndimu. Anangoja mpaka sasa. Nakusihi, nipe la kumjibu.

Msalimie Graça, nibusie mapacha. Mungu akulainishe moyo kabla hatujachelewa.

Akupendaye hata kwa hasira,
dada yako, Dirce