Kigingi Nilichokisogeza

Shoga, nakuandikia mbiombio, nivumilie.

Unajua mwanangu anasoma sayansi ya mifumo ya dunia chuoni. Likizo hii kapewa kazi ya kupima ule ufa wa mlimani, nyuma ya nyumba yetu. Kapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na kila asubuhi anapima umbali kati yake. Baba yake anamtania, "Profesa, mlima umeamkaje?"

Jana nikienda kuanika nguo nikajikwaa kwenye kigingi kimoja. Nikaking'oa, nikakipigilia pembeni. Sikumwambia mtu.

Leo karudi ndani kakunja uso. "Mama, umbali umeongezeka sana."

Nikacheka, shoga! "Acha kututisha, nimekihamisha mimi."

Akashusha pumzi. "Umekisogeza mbali na mwenzake?"

"Hapana, karibu."

Karibu! Nimesema kwa mdomo wangu huu huu. Mtoto akanikodolea macho. "Ulikisogeza karibu, na bado vimeachana?"

Baba yake hakutania tena. Akaenda kusukuma mlango wa jikoni, ambao tangu asubuhi unagoma kufunga. Tulidhani mbao zimevimba kwa mvua. Kumbe fremu yenyewe imepinda.

"Mchukueni bibi na watoto," akasema. "Vyombo viacheni."

Tuko njiani tunakuja kwako.

Yule fundi cherehani anayekaa chini yetu mteremkoni nimemgongea mlango mpaka ngumi inauma. Anasema anamalizia kwanza gauni la mteja. Mpigie wewe. Mimi hanisikii.