Kuku wa Mama, Dawa ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Bati la jikoni bado linavuja, na mama amenuna kwa sababu hupokei simu.

Anasema baba hajatoka bustanini. Eti kila asubuhi anamsikia akipiga nyanya dawa ya ukungu, ilhali tulishamzika na bomba lake limeshika kutu. Nilikuwa namcheka.

Juzi nikachukua udongo wa pale, nikaupima kazini, maabarani. Dawa ile ina maumbo mawili, kama glovu za jozi moja: zinafanana, lakini ya kushoto haiingii mkono wa kulia. Umbo moja udongo umeshalimaliza. La pili nimelikuta limejaa ndani ya nyungunyungu wa udongo huo, nao wazima kabisa, wanajinyonganyonga.

Kaka, hao ndio chakula cha kuku wa mama.

Wifi akija kujifungua, asiguse mayai. Mama nimemweleza, akatabasamu tu huku akimwekea trei nzima.

"Mkwe wangu atanenepa," akasema. "Baba yenu ndiye anayewalisha kuku hawa."

Nilitaka kumkatalia. Lakini dawa ile ni ya baba kweli.

Ndimi mdogo wako. Piga simu kabla wifi hajapanda basi.