Skrini Yenu Inadanganya

Windhoek,
mwezi wa Aprili

Dada yangu mpenzi Twapewa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, wewe, shemeji Matias na watoto wote. Hali yako ikoje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuacha? Na mvua huko Khorixas, imewakumbuka mwaka huu au imepita pembeni tena? Mimi ni mzima kabisa, nalala vizuri, nakula vizuri zaidi, na ungeniona sasa hivi ungesema nimenenepa, nami nisingebisha. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua: ungepiga kelele katikati ya somo na wanafunzi wako wangepanda juu ya madawati. Kwa hiyo naandika. Kaa chini, soma taratibu, usirukie mwisho.

Krismasi uliniuliza kazi yangu mpya hasa ni nini, nikakujibu “kompyuta” kwa sababu nyama ilikuwa inapoa. Leo nikueleze vizuri. Kampuni yetu inasambaza dawa kwenye zahanati, nyingi zikiwa huko kwetu kaskazini. Zahanati ikitoa dawa au ikipokea, inaandika kwenye kompyuta yake, na namba zile zinakuja kwenye ripoti ambazo kila mtu anaweza kuzifungua. Ripoti zenyewe zinakaa kwenye mitambo ya kukodi iliyo mbali, tunaifikia kwa mtandao, na tumelipia uwezo wa kiasi fulani tu. Kila ripoti inaposasishwa, yaani inapovuta namba mpya, inakula sehemu ya uwezo huo. Mkizidisha, mitambo inawapanga foleni. Foleni ikijaa, inakataa. Hapo ripoti inabaki na namba za jana au za juzi, na haioni haya hata kidogo. Inang'aa vilevile.

Kazi yangu ni kuulinda uwezo huo, na niliianza kwa kutukanwa. Kila asubuhi nilipigiwa simu na mfamasia mmoja wa zahanati ya upande wa Eenhana, anaitwa Hafeni. Kwanza ananisalimu kwa urefu kama mtu aliyelelewa, nimelalaje, nimeamkaje, nyumbani hawajambo. Halafu anaanza: “Skrini yenu inadanganya. Inasema nina chupa nane za dawa ya sumu ya nyoka. Mimi nimesimama mbele ya friji hapa. Unajua ndani kuna nini? Kuna taa na baridi!” Nikamweleza kwamba skrini haidanganyi, imechelewa tu. Akaniuliza kama nyoka wa huko nao wameambiwa wachelewe.

Nilikasirika, Dada, lakini alikuwa na haki. Nikachunguza, nikakuta idara zote zimepanga ripoti zao zisasishwe saa moja asubuhi, ili bosi akiingia azikute mbichi. Wote wanajazana mlangoni kwa pamoja, na hapiti mtu. Nikaenda kwa mkurugenzi wetu, Meme Rauha, nikaomba tununue uwezo zaidi. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema uwezo zaidi haupo mwaka huu, ila miguu ninayo, nikazunguke nikapatane na wenzangu.

Nikazunguka na mfuko wa oukuki za moto, maana nani anamfukuza mtu mwenye maandazi? Watu wa magari wakakubali kuhamia saa tano. Watu wa mishahara wakakubali mara moja kwa wiki. Nikakuta ripoti moja inasasishwa kila saa kwa ajili ya bwana aliyekwisha kustaafu, yuko Gobabis anafuga mbuzi. Nikaifuta. Zile zilizokuwa zinavuta namba za miaka yote upya kila siku, nikazipanga zivute za siku za karibuni tu, za zamani zibaki zilipo.

Akabaki Tate Tjiveze, mkuu wa uhasibu, mzee wa Kiherero mwenye kofia nzuri na sauti ya mhubiri. Ripoti yake ilibeba miaka kumi na ilisasishwa kila nusu saa. Yeye mwenyewe haifungui. Anachapishiwa kwenye karatasi kila Jumatatu! Nilipomgusia alisema, “Binti, idara zote humu zinakula kwa sababu mimi nahesabu. Ripoti yangu isiguswe.” Nikamwambia sawa Tate, sitaigusa, ila naomba uje ukae mezani kwangu asubuhi moja tu, unisaidie kupokea simu.

Akaja, sijui kwa nini. Labda alidhani kuna chai. Simu ya kwanza ilikuwa ya Hafeni. Sikusikia maneno, nilimwona tu mzee akivua kofia. Ya pili ilikuwa ya mama wa zahanati nyingine aliyetuma gari kufuata dawa ambayo haikuwepo. Baada ya ya tatu akasimama, akajifuta paji la uso, akasema, “Wewe, hawa watu wanakuambia hivi kila siku?” Nikasema kila siku, Tate. “Na unavumilia?” Nikasema nafanyaje. Akavaa kofia. “Ripoti yangu isasishwe Jumapili, wakati mimi niko kanisani. Na huyo kijana wa kwanza mwambie ana mdomo mchafu lakini ana akili.”

Ndipo nikapata nafasi ya kuzitengea dawa za dharura fungu lake la uwezo, ambalo idara nyingine haiwezi kuligusa. Kuanzia hapo namba za dawa hizo zikawa zinaingia kila baada ya dakika chache, kutwa nzima.

Sasa sikiliza. Asubuhi iliyofuata Hafeni akapiga kama kawaida. Salamu zote. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema, “Skrini inasema sita. Na mimi ninazo sita.” Nikamuuliza, basi umepiga kusema nini? Akasema, “Nimepiga kusema ziko sawa.” Kesho yake akapiga tena. Ziko sawa. Na kesho kutwa. Dada, mwezi mzima mtu ananipigia kuniambia kwamba hakuna tatizo, na mimi naacha chai yangu ipoe nikimsikiliza.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa Februari. Hafeni alipiga mchana, na hakunisalimu.  Kijana anaitwa Festus alikuwa ameng'atwa na nyoka, moma, akikata miti ya kujengea kibanda cha kivuli cha harusi yake mwenyewe, iliyokuwa iwe kesho yake. Chupa za Hafeni zilikuwa zimekwisha juzi yake kwa mchungaji wa ng'ombe aliyeng'atwa. Alikuwa tayari ndani ya gari na mgonjwa, wanaelekea mashariki, kwenye zahanati iliyokuwa na nne asubuhi ile. “Hakikisha,” akaniambia. Nikabonyeza kusasisha. Zamani saa kama ile mitambo ingenikatalia usoni. Safari hii namba zikaingia, na ile nne ikageuka sifuri mbele ya macho yangu. Lakini zahanati ya magharibi ilikuwa imepokea boksi saa hiyohiyo.

Nikamwambia, “Geuza gari.”

“Kule ni mbali zaidi. Una hakika?”

“Ndivyo skrini inavyosema.”

Nikasikia mama mmoja analia nyuma yake. Kisha akamwambia dereva, “Geuza, tate. Geuza.”

Nilipiga simu zahanati ile ya magharibi nikapiga tena, haipokelewi. Tate Tjiveze alivuta kiti akakaa karibu yangu, kofia magotini. Meme Rauha akasimama mlangoni. Simu ilipolia niliidondosha, akaiokota mzee. Akasikiliza, akasema, “Chupa zipo. Wameshamtundikia dripu.” Dada, nilipiga vigelegele ndani ya ofisi, na watu wa mishahara wakatoka mbio wakidhani bonasi imeingia.

Harusi ilifanyika mwezi wa Machi, nasi tukaalikwa. Nilivaa gauni langu la kitambaa cha odelela. Festus alitoka na mguu mmoja umevimba kama mtungi, hauingii kiatu, na bado alicheza. Bibi harusi wake, Lahja, alimshika kiunoni na akina mama walipunga mikia ya ng'ombe kwa shangwe. Mtu mmoja mrefu akaja na bakuli la oshikundu, kile kinywaji cha uwele, akanipa kwa mikono miwili, akanisalimu, nimelalaje, nimeamkaje. Nikaijua sauti kabla sijainua macho.

Sasa nikuambie lile lililonifanya nikuombe ukae chini. Hafeni amenitaka tuoane, na mimi nimekubali. Kabla sijamaliza kula siku ile nilishamuuliza ukoo wa mama yake, ili tusije tukaaibika. Ni wa ukoo wa nyoka. Cheka tu, nami nilicheka hadi nikapaliwa. Muhimu ni kwamba si ukoo wetu. Na Meme Rauha ameniruhusu nifanyie kazi yangu Ondangwa, upande wake wa kaskazini, maana mitambo ile haijali nimekaa wapi.

Wajomba za Hafeni watafika kwa Meme aliyetuzaa baada ya sikukuu ya Kupaa, na yeye bado hajui. Anaendelea kunihesabia wana wa mashemasi wanaofaa kunioa. Nakuomba utangulie, umwambie akiwa amekaa na ameshakula. Akiuliza kama kijana anasali, anasali. Akiuliza kama ni mpole, mwambie ukweli: ana mdomo, lakini nilipomwambia ageuze gari aligeuza.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wanaonikumbuka. Bibi yetu Kuku mbusu mashavu yote mawili. Nimefurahi mpaka naogopa kutembea barabarani nikicheka peke yangu. Njoo, Dada. Njoo mapema, uje na sauti yako yote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ndeshipanda