Shanga za Nasieku

Mweiga, Alhamisi

Bado siamini. Nasieku, mama Msamburu wa kambi ya wafugaji, leo ameniletea mtoto wa jirani yake kwa zahanati. "Daktari, huyu ameingia nyekundu."

Nikamuuliza amejuaje. Akatoa uzi wa shanga: kijani, njano, nyekundu. Ati mwezi uliopita aliniona nikipima unene wa mikono ya watoto na tepu ya serikali yenye rangi hizo hizo, akatunga yake kwa macho tu. Tangu hapo anapima kambi nzima.

Nimelinganisha na tepu yangu. Ziko sawa kabisa! Na mimi nilienda chuo miaka mitatu.

Nyekundu ni njaa ya kuua. Stoo yetu haina chakula cha watoto, nikapigia ofisi simu. Ati kitafika wiki ijayo. Huyu mtoto ataweza kweli kungoja wiki nzima?

Nasieku alikuwa anasikia. Akakunja shanga zake polepole.

"Sisi tumepima. Sasa serikali ifanye yake."