Halikuwa Tumbo, Dada Atupele

Dada Atupele,

Walikuzika kwa uongo, na hasira yangu haijapoa. Pale makaburini Iyunga, Mjomba alisoma wasifu wako: "Marehemu alisumbuliwa na tumbo kwa muda mfupi." Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mimba ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya mrija, na mrija ukapasuka. Aliikata sentensi yangu kwa kalamu, akaninong'oneza, "Mjomba, chuo umemaliza. Hapa ni msibani."

Tumbo! Tumbo hupokea ugali. Yai hutoka katika ovari, hupita katika mrija mwembamba kama bua la mpunga, ndipo hufika katika mfuko wa uzazi, unaotanuka kadiri mtoto anavyokua. Mrija hauna uwezo huo. Maumivu yako Shangazi aliyaita chango, akakuchemshia mizizi, nawe ukanywa.

Nawe pia nimekukasirikia. Wewe uliyenifundisha hesabu huku ukimenya viazi, ukinicheka, "Profesa, hata chumvi hujui ilipo!", ulishindwa kusema panapouma. Ulisema "tumbo", ukageukia ukutani.

Baada ya matanga nilichora mchoro mkubwa nyuma ya kalenda ya kanisa: ovari mbili, mirija miwili, mfuko wa uzazi, shingo yake, uke. Kila kiungo na jina lake. Nikaubandika sebuleni. Shangazi akaubandua: "Mwanaume mzima unachora mambo ya wanawake! Mchungaji akija atakaa wapi?" Nikaubandika tena. Tulibishana hadi Baba akatoka nje, eti anakwenda kuwaangalia ng'ombe. Ng'ombe tulishauza.

Jumapili iliyopita mdogo wetu Tumpe alijikunja mlangoni. Shangazi tayari alikuwa ameshika sufuria. "Tumbo, eh?" Tumpe alijikokota hadi ukutani penye mchoro, akaweka kidole juu ya ovari ya kulia. "Ni hapa, Shangazi."

Shangazi alitazama kidole kile kwa muda mrefu. Akaweka sufuria chini, akajifunga kitenge. "Haya, mmesimama nini? Iteni bajaji!"

Ulikuwa uvimbe kwenye ovari, umeanza kujisokota. Wamemfanyia upasuaji, anaendelea kupona. Nilipaswa kushukuru tu, Dada, lakini nililia kwa ghadhabu. Kumbe kilichohitajika ni kidole kimoja.

Pumzika sasa. Tutakapokuja kujengea kaburi lako, wasifu utasomwa upya, na msomaji nitakuwa mimi. Mjomba na aje na kalamu yake.

Mdogo wako,
Profesa